Nilimwahidi Dada Malkia

Mliokuwa nami wiki jana kwenye ukurasa huu mnajua niliishia wapi. Dada yangu mkubwa alikuwa amesimama katikati ya karakana yangu, sanduku lake la safari limekaa juu ya maranda, na mimi ndio kwanza nimetoka kusema uongo ambao hakuna mtu aliyeniomba.

Kwa aliyechelewa, nitafupisha. Mimi ni seremala, na kazi yangu ni milango. Mke wangu alifariki binti yetu akiwa bado anatambaa, na tangu hapo tunaishi wawili, mimi na yeye, kwenye chumba cha nyuma ya karakana. Mtaani wanamwita Kinyonga kwa sababu hakuna anachokiona asikiige. Mteja akija mchana anachechemea, jioni anachechemea yeye, mpaka na kukohoa anakohoa vilevile. Kila Jumamosi huenda kwenye kikundi cha maigizo cha vijana, na hilo ndilo lililomleta dada.

Dada ni mwalimu mkuu wa shule katika mji mwingine. Tangu wazazi wetu watangulie, kwangu yeye ndiye baba, yeye ndiye mama, yeye ndiye mahakama. Alikuja kumchukua mtoto akalelewe kwake.

"Binti mkubwa kama yule, Jumamosi nzima anajifanya mbuzi," alisema. "Mdogo wangu, huyu naondoka naye."

Nikabisha. Nikalia kidogo pia, sitawaficha. Mwisho akakubali kukaa mpaka siku ya onyesho ajionee mwenyewe.

"Nikiona upuuzi, anafungasha," alisema. "Nikiona kitu cha maana, ataendelea na maigizo yake. Sitamkataza."

Hapo mtu mwenye akili angesema ahsante dada, akanyamaza. Mimi mdomo ukaniponza.

"Utaona," nikamwambia. "Yeye ndiye malkia."

Sasa niwaeleze hilo la malkia nililitoa wapi. Kile kikundi kina mwiko wake. Mtoto haruhusiwi kumwambia mtu yeyote, hata mzazi, anaigiza nani, mpaka siku pazia litakapofunguliwa. Mwalimu wao anasema mzazi akishajua hukaa anamsubiri mtoto wake tu, na mchezo wenyewe hauoni. Nilimbembeleza Kinyonga kwa kila njia, wapi.

"Nidokeze basi, mama. Una maneno mengi?"

"Baba, mwiko."

"Sawa, usiseme maneno. Unatokea mara nyingi?"

Akafikiri kidogo. "Nipo tangu pazia linafunguliwa mpaka linafungwa. Sitoki hata mara moja."

"Na nguo yako ikoje?"

"Ndefu. Inafika chini."

"Nzito?"

"Nzito sana, Baba. Nikiivaa siwezi hata kukaa."

Jina la mchezo lilikuwa limebandikwa ukumbini, "Malkia Aliyejifungia". Nikapiga hesabu zangu. Nani anakaa jukwaani mwanzo mpaka mwisho kwenye mchezo wa malkia? Nani anavaa nguo ndefu, nzito, hawezi hata kukaa? Ningekuwa mjinga kiasi gani nisielewe.

Basi jamani, nilivimba. Nilimwambia muuza misumari. Nilimwambia mteja aliyekuja kulalamika kuhusu kitasa, akaondoka amesahau kitasa. Nilimwambia Mpaka Rangi, rafiki yangu wa siku zote, ambaye mimi nikimaliza mlango yeye ndiye anayeupaka. Na nilimwambia Kinyozi, jirani yangu wa ukuta mmoja, ambaye binti yake naye yumo kwenye kikundi kilekile.

"Wa kwako amepewa nini?" nikamuuliza.

"Sijui, jirani. Si unajua mwiko."

"Usijali," nikampigapiga begani. "Hata watumishi wa malkia ni muhimu."

Kinyozi aliendelea kumnyoa mteja wake.

*

Siku yenyewe nilivaa shati langu la arusi za watu. Tulifika mapema kuliko waliokuja kupanga viti. Nilimkalisha dada mstari wa mbele kabisa, katikati, mkoba wake juu ya magoti kama mtu anayesubiri basi. Mimi kulia kwake, Mpaka Rangi kulia kwangu. Kinyozi alikuja akakaa kushoto kwa dada, akasalimia kwa adabu.

Ukumbi ulijaa. Juu kulikuwa na feni mbili, moja inazunguka na nyingine inafikiria. Pazia lilikuwa mashuka yaliyoshonwa pamoja, na nyuma yake tulisikia watoto wakinong'onezana na mtu mzima akiwanyamazisha.

"Moyo unanienda mbio," nikamwambia dada.

"Wako unakwenda mbio kwa nini? Wewe unaigiza?"

Laiti angejua.

Mwalimu wa maigizo akatokea, mwanamke mfupi mwenye sauti ya watu watatu. "Zimeni simu. Msiwaite watoto majina. Msipande jukwaani kupiga picha." Akatutazama wa mstari wa mbele kwa muda, kisha akaondoka.

Pazia likafunguka.

Malkia akaingia, taji kichwani, nguo ndefu, shingo ndefu, nywele zimetengenezwa na mtu anayejua kazi yake. Watu wakapiga makofi. Nami nilikuwa nimeshanyanyua mikono nipige, ikabaki hewani.

Alikuwa binti wa Kinyozi.

Dada akaniinamia. "Mdogo wangu. Yule ni nani?"

"Yule labda ni malkia wa kwanza."

"Wako wangapi?"

"Tusubiri, dada."

Tukasubiri. Akaingia waziri, si yeye. Akaingia mpishi, si yeye. Wakaingia askari wawili, mmoja suruali inamvuka, hakuna hata mmoja aliyekuwa yeye. Nilianza kuwaza labda mtoto ameugua, labda amekimbia, labda amefukuzwa na anaogopa kuniambia. Jasho likanitoka mpaka kwenye magoti, na sikujua magoti hutoa jasho.

Kule jukwaani malkia akagombana na baraza lake, akasema hataki kumwona mtu tena, akaingia chumbani mwake na kuubamiza mlango.

Mlango ulikuwa katikati ya jukwaa, miimo miwili ya mbao na ubao mrefu wa kahawia kati yake. Ulipobamizwa ulilia kwanza, ng'iii, kisha ukapiga pwaa, na kitasa kikatetemeka kidogo kama vitasa vinavyotetemeka. Nikasema moyoni, huu mlango umetengenezwa vizuri, fundi wake ni nani?

Nikautazama juu mpaka chini, kama ninavyotazama milango yote. Na chini, pale ambapo ubao ulipaswa kuishia, niliona vidole vya miguu. Kidole kidogo cha kushoto kilikuwa na kovu. Kovu lile nalijua, ni la patasi yangu iliyoanguka.

"Dada," nikasema, "nimemwona."

"Wapi?"

"Pale."

"Pale kuna mlango tu."

Sikujibu. Dada amefundisha watoto maisha yake yote, anajua kimya cha mtu aliyekamatwa kikoje. Akaugeukia mlango, akanigeukia mimi, akaurudia mlango.

"Mtoto wetu," alisema polepole, "ni mlango."

"Ndiyo, dada."

"Nimekaa kwenye basi kutwa nzima nikaja kuangalia mlango."

Kinyozi naye akajiinamisha mbele, akanitazama kupitia mbele ya dada. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa.

"Usijali, jirani," akasema. "Hata mlango ni muhimu."

Nilitamani kiti kinimeze. Mpaka Rangi, mtu niliyekula naye chumvi, alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili na mabega yanamcheza. Nikajua kesho yake mtoto anafungasha. Nikaanza hata kufikiria sanduku gani nimpe, maana la kwake halina mshikio.

*

Sasa sikilizeni.

Waziri akaja kubisha. Waziri yule alikuwa mtu wa kujipendekeza, maneno yote asali. Akagonga. Mlango ukaguna. Naapa, uliguna kama mtu aliyeamshwa usingizini na mtu asiyempenda. Ukajifungua kidogo, upana wa pua. Waziri akaingiza pua. Mlango ukafunga.

Ukumbi mzima ukacheka.

Akaja mpishi, bibi wa watu, mkono mmoja kiunoni. Hakuwa hata amegonga. Mlango ukamfungukia wenyewe, kimya, taratibu, kama umetiwa mafuta asubuhi ile. Mpishi akaweka sinia kizingitini na mlango ukasubiri mpaka atoe mkono wake, ndipo ukajifunga.

"Umeona?" nikamwambia dada. "Umeona ulivyosubiri mkono?"

"Nyamaza."

Wakaja askari. Wakarudi nyuma, wakahesabu, wakauvamia kwa mabega. Na mlango, pale walipoufikia kabisa, ukafunguka wenyewe. Wakapita kama upepo wakaenda kuangukia upande wa pili, na yule wa suruali akaishika kwa mikono miwili. Watu walipiga kelele mpaka ile feni iliyokuwa inafikiria ikaanza kuzunguka.

Kuanzia hapo hakuna aliyemtazama malkia tena. Kila mtu akija kubisha, watu walikuwa wanausubiri mlango utasema nini. Kwa waongo ulikuwa mkavu, unalia bawaba zote. Kwa wenye nia njema ulikuwa laini. Alipokuja daktari wa malkia, ambaye hakuna aliyejua ni mtu mwema au tapeli, mlango ulifunguka nusu, ukafikiri, ukafunguka robo nyingine, ukakwama.

Mpaka Rangi alikuwa anafuta machozi. "Fundi, mimi mlango ule ningeupaka bure."

Na mimi nilikuwa nimeanza kuelewa. Siku zote zile mtoto alizokaa juu ya rundo la mbao, miguu inaning'inia, nikidhani anacheza na maranda, kumbe anaisoma milango. Kila bawaba niliyoifunga aliisikia. Kila mlango mkaidi ulionitukanisha alikuwa anaujifunza. Mimi nilizitengenezea nyumba za watu madirisha na milango, na yeye akayabeba yote kichwani akaja kuwatolea watu hapa, na watu wanacheka mpaka wanashikana.

Furaha niliyokuwa nayo siwezi kuipima. Masikio yalikuwa yanachoma. Nilitaka kumshika kila mtu mle ndani nimwambie mlango ule ni wangu, nimeuzaa mimi.

Nikamtazama dada kwa pembeni. Mkoba ulikuwa umeshuka kutoka magotini mpaka sakafuni. Alikuwa amejikunja mbele, leso kaibana mdomoni, na anatikisika. Dada yangu alikuwa anacheka. Mara ya mwisho kumsikia akicheka hivyo nilikuwa bado navaa kaptura.

Nikajisemea, tumeshinda. Na kama ningebaki nimekaa, huenda hadithi yangu ingeishia hapo na gazeti hili lingetafuta mtu mwingine.

*

Mchezo ukaingia kwenye huzuni. Malkia amekaa ndani muda mrefu, watu wamechoka kubisha, hakuna anayekuja tena. Taa zikapunguzwa. Na mlango ukaanza kuzeeka.

Ulizeeka polepole. Kwanza ulikuwa umenyooka. Kisha nikaona kona ya juu imetoka kidogo kwenye mwimo. Kisha ikatoka zaidi. Kisha kona ya chini ikagusa sakafu. Malkia alipokuja kuujaribu, ukaburuza, krrrr, ukakwama. Akauvuta tena. Krrrr.

Mkono wangu ukaenda mfukoni wenyewe.

Ile sauti naijua kuliko sauti yangu. Ni skrubu za bawaba ya juu zimelegea, uzito wote umehamia kona ya chini, na mlango umeshuka. Mlango wa namna ile ukiuacha unakula sakafu, na mwisho unang'oa mwimo. Na mimi nina ugonjwa mmoja, wenzangu wa kazi watanielewa: siwezi kukaa kwenye nyumba ambayo mlango unalia. Nimewahi kutengeneza mlango msibani, watu wanalia sebuleni na mimi nimechuchumaa koridoni nabana skrubu.

Krrrr.

"Fundi, unakwenda wapi?" Mpaka Rangi akauliza.

"Narudi sasa hivi," nikasema.

Bisibisi huwa haitoki mfukoni mwangu, hata kwenye shati la arusi. Nilipanda ngazi za jukwaa nimeishika. Nikapita mbele ya askari aliyesinzia. Nikachuchumaa, nikaweka ncha ya kiatu chini ya kona ya mlango ili niinyanyue kidogo, kama inavyotakiwa, kisha nikainua macho kuitafuta bawaba ya juu.

Nikakutana na macho mawili.

"Baba," mlango ukasema bila kufungua midomo.

"Naam."

"Uko jukwaani."

Nikageuza shingo. Ukumbi wote ulikuwa unanitazama, mstari hadi mstari, kimya. Mwalimu alikuwa pembeni mwa pazia ameshika kichwa kwa mikono miwili. Malkia alikuwa amesahau maneno yake yote, na kidevu kimeanza kumtetemeka. Kule chini dada alikuwa amesimama wima.

Nimemharibia, nikawaza. Mtoto ameushinda ukumbi mzima, na mimi baba yake nimekuja kumharibia kwa miguu yangu.

"Ninyanyue," Kinyonga akanong'ona.

"Nini?"

"Ninyanyue, Baba. Kama unavyofanya siku zote."

Mikono ilielewa kabla yangu. Nikaingiza bega chini ya kona, nikanyanyua kidogo kidogo, nikamsogeza mpaka akakaa sawasawa kwenye mwimo. Nikapeleka bisibisi hewani karibu na bega lake, nikazungusha. Akatoa sauti ndogo, tik. Nikazungusha tena, tik, tik. Nikarudi nyuma hatua moja, nikafunga jicho kuangalia kama umenyooka, maana hiyo nayo huwa siiachi. Kisha nikausukuma kwa kidole kimoja.

Mlango ukazunguka. Ulizunguka mwepesi, bila sauti hata kidogo, ukafunga.

Watu walilipuka. Walisimama, walipiga viti, mtu mmoja akapiga mbinja. Tatizo likawa moja tu. Mlango ulikuwa umefungwa na mimi, kwa ile hatua ya kurudi nyuma, nimebaki ndani, chumbani kwa malkia, mahali ambapo, ukiacha wale askari walioanguka, mchezo mzima hakuna aliyewahi kuingia.

Malkia akanitazama. Nikamtazama.

"Fundi," binti wa Kinyozi akasema, sauti inamtoka kwa shida, "umeingiaje?"

Mimi si mwigizaji. Nikamjibu kama ninavyomjibu mteja yeyote.

"Mlango ulikuwa unalia, mama. Nikausikia."

Sijui kama alilia kweli au aliigiza, lakini alilia, na mstari wa mbele ukalia naye. Kisha akakumbuka yeye ni malkia, akafuta uso, akaenda mlangoni na kuufungua kwa mkono wake mwenyewe. Nje mpishi alikuwa anasubiri na sinia. Kumbe ndivyo mchezo ulivyokuwa umepangwa kuisha, malkia aufungue mwenyewe. Nikatoka nyuma yake nimeinamisha kichwa, bisibisi nimeificha mgongoni, pazia likafungwa.

Watoto walipokuja mbele kuinama, malkia alipigiwa makofi. Mlango ulipigiwa makofi na miguu. Kinyozi mwenyewe alikuwa juu ya kiti anapiga mayowe, na nawaambia ukweli, nilimpenda jirani yangu siku ile.

"Mzee," Mwalimu akanikamata pembeni, "sijui nikufukuze au nikuajiri."

*

Dada alinisubiri nyuma ya ukumbi, pale viti vya ziada vinaporundikwa. Macho yalikuwa mekundu na leso imelowa.

"Nimeona," alisema.

"Umeona kitu, dada?"

"Nimeona kitu."

Jamani. Nilikamata kiti cha plastiki nikacheza nacho. Nilikizungusha, nikakiinamia, nikakishukuru. Dada alinitazama bila kunikataza, na hilo peke yake lingenitisha kama ningekuwa na akili zangu.

"Kwa hiyo anaendelea," nikasema.

"Anaendelea. Nilisema sitamkataza, na simkatazi."

"Ahsante, dada. Mungu akuweke."

"Kwangu."

Nikakiweka kiti chini. "Kwako nini?"

"Ataendelea kwangu. Karibu na shule yangu kuna nyumba ya maigizo, mdogo wangu, ya kweli. Vijana wanafundishwa kila jioni, na watu wazima wanaoifanya kazi hiyo. Anayeiongoza nilisoma naye dawati moja. Hapa ana Jumamosi tu na pazia la mashuka."

"Dada, tulikubaliana."

"Tulikubaliana aendelee. Hapa kwako ataendelea mpaka wapi?"

Nikatafuta jibu. Nikatafuta kwenye viti, nikatafuta ukutani, nikatafuta kwenye viatu vyangu. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa na haki. Kama angekuja kwa ukali wake wa siku zote ningejua la kumjibu. Alikuja kwa upole.

"Sikunyang'anyi," alisema, na ile ilikuwa sauti ya dada aliyenibeba mgongoni, si ya mwalimu mkuu. "Nakuuliza. Mimi mambo haya siyajui. Huenda nimechekeshwa tu. Wewe umemwona tangu anatambaa, na leo umeuamini ule mlango mpaka ukatoa bisibisi. Basi niambie wewe. Mtoto huyu ana kipaji, au ni utundu tu wa watoto? Ukiniambia ni utundu, kesho napanda basi peke yangu na sitalifungua tena jambo hili."

Mwezi mzima nilikuwa nimewaambia watu kuhusu binti yangu bila kuulizwa. Nilimwambia muuza misumari. Sasa nimeulizwa.

Nikakiona chumba chetu cha nyuma. Nikaona jioni zangu bila mtu wa kunichekesha, bila mtu wa kukohoa kama wateja wangu. Nikaona meza ya watu wawili na mtu mmoja.

"Ni utundu tu, dada," nikasema.

"Una hakika?"

"Mlango ni mlango. Angekuwa na kitu, si wangempa umalkia?"

Maneno yalitoka laini, na nikashangaa yalivyokuwa mepesi kutoka. Nilimsubiri dada ashushe pumzi, aseme haya basi, achukue mkoba wake.

Dada alikuwa hanitazami mimi, anatazama nyuma ya bega langu.

Nikageuka.

Kinyonga alikuwa amesimama pale pembeni ya viti, bado yumo ndani ya lile vazi zito, rangi ya kahawia imemkauka mashavuni. Alikuwa amekuja mbio, kifua kinapanda na kushuka. Mwezi mzima aliutunza ule mwiko, hakunidokeza hata neno, apate kuona uso wangu siku nitakapomwona. Sasa alikuwa anauona.

"Mama," nikaanza, "sikiliza, nilikuwa namwambia shangazi yako kwamba..."

Alinitazama mpaka nikaishiwa maneno. Kisha akamgeukia dada.

"Shangazi," akasema, "hilo basi linaondoka saa ngapi?"